Mlango Gani Ubishwe: Magereza ya Texas na Barua za Wazazi



Ziko nyumba miongoni mwetu hapa Houston ambazo ukiuliza habari za kijana fulani utaambiwa yuko Dallas anafanya kazi, au amekwenda kusoma mbali, na anayekujibu huyageuza mazungumzo kabla chai haijapoa. Kijana hayuko Dallas. Yuko katika gereza la jimbo, na mama yake hajui amwulize nani habari zake. Si nia yangu kumfichua mtu. Ninachotaka kueleza ni habari za ofisi: magereza ya jimbo hili yanaendeshwa na nani, yanachunguzwa na nani, na barua ya mzazi ikitiwa stempu hufika wapi. Nimefundisha kwa zaidi ya miaka thelathini, na darasani nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kuwa serikali ni karatasi kwanza, askari baadaye. Sijaona mahali panapoyathibitisha maneno hayo kama Idara ya Haki ya Jinai ya Texas.

Kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo wengi wetu huyachanganya. Jela ya kaunti, kama ile ya Kaunti ya Harris iliyopo hapa mjini, iko chini ya sherifu, na aghalabu waliomo wanangoja kesi au wana vifungo vifupi. Vizuizi vya uhamiaji na magereza ya shirikisho ni vya serikali ya Washington. Gereza la jimbo ni kitu cha tatu: huko hupelekwa aliyekwisha kuhukumiwa kwa kosa kubwa chini ya sheria za Texas. Mzazi anayemwandikia sherifu juu ya mtoto aliyekwisha kuhamishiwa magereza ya jimbo anabisha nyumba ambayo mwenyewe kahama. Vivyo hivyo hakimu aliyetoa hukumu: akishamaliza kazi yake hana amri juu ya kitanda, chakula wala kazi ya mfungwa.

Idara hii ya jimbo iliundwa mwaka 1989 kwa kuunganisha vyombo vilivyokuwa mbalimbali: magereza, uangalizi wa waliopewa adhabu ya nje, na uangalizi wa wanaoachiliwa kabla ya muda. Juu yake iko bodi ya watu 9 wanaoteuliwa na gavana na kuthibitishwa na Baraza la Seneti la jimbo, kila mmoja kwa miaka 6, kwa zamu zisizokwisha pamoja, hata gavana mpya asiweze kuibadilisha bodi nzima kwa siku moja. Bodi humwajiri mkurugenzi mtendaji, naye ndiye mwendeshaji wa kila siku. Makao yake yako Huntsville, kiasi cha maili 70 kaskazini ya hapa, mji mdogo ambao gereza lake la matofali mekundu lilipokea mfungwa wa kwanza mwaka 1849. Chini ya mkurugenzi kuna karibu magereza 100 yaliyotapakaa katika jimbo lenye ukubwa wa kuimeza Ufaransa, na ndani yake zaidi ya wafungwa 120,000.

Yako mambo mawili makubwa ambayo wazazi hudhani yamo mikononi mwa bwana jela nayo hayamo. La kwanza ni parole. Wanaoamua nani aachiliwe kabla ya muda wake ni Bodi ya Msamaha na Parole, chombo cha peke yake. Idara ya magereza kazi yake ni kumwangalia mtu baada ya kutoka. La pili ni matibabu. Tangu miaka ya 1990 madaktari na wauguzi wa magerezani wengi ni waajiriwa wa vyuo vikuu viwili: chuo cha tiba cha Galveston kwa sehemu kubwa ya jimbo, na Texas Tech kwa upande wa magharibi. Basi anayelalamika juu ya dawa ya sukari ya mwanawe asishangae ofisi ya gereza ikimwelekeza kwingine. (Shule za humo nazo zina wilaya yao ya elimu, Windham, iliyoanzishwa mwaka 1969. Kwa mwalimu mstaafu hiyo ndiyo habari ya pekee iliyonichangamsha roho katika utafiti wangu wote.)

Ndani ya gereza lenyewe mambo yote hupita katika karatasi. Mfungwa anayetaka kubadilishiwa kazi, kuonana na mshauri wa dini, au kuuliza salio la fedha zake, huandika fomu iitwayo I-60. Hiyo ni fomu ya ombi. Akiwa na malalamiko, fomu ni nyingine, I-127, na hapo ndipo panapohitaji akili, kwa sababu pana hesabu ya siku. Ana siku 15 tangu jambo lilipotokea kuiwasilisha. Gerezani humo yupo afisa ambaye kazi yake ni kuyapokea malalamiko, kuyatia nambari na kuyachunguza, kisha jibu hutiwa saini na uongozi wa gereza. Mfungwa asiporidhika ana siku 15 nyingine za kukata rufaa kwa fomu ya pili, I-128, ambayo huamuliwa nje ya gereza lile, na maafisa wa makao makuu.

Msomaji ataniuliza: hayo yote ya nini, ikiwa anayelalamikiwa na anayejibu ni wa idara moja? Swali ni la haki, nami sitamwambia mtu kuwa majibu mengi humfurahisha mlalamikaji. Lakini mwaka 1996 Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayomzuia mfungwa kwenda mahakama ya shirikisho kabla hajazimaliza ngazi za malalamiko za ndani. Na mwaka 2006 Mahakama Kuu ya nchi, katika kesi iliyotoka California, ikaongeza kwamba hakutoshi kuzimaliza. Lazima zimalizwe kwa taratibu zake na ndani ya siku zake. Mfungwa aliyechelewa huenda akawa na haki kama jua la mchana na mlango wa mahakama ukabaki umefungwa. Kwa hiyo kijana akipiga simu na kusema ameonewa, swali la kwanza la mzazi, kabla ya machozi, liwe: umeandika fomu? Tarehe gani? Mzazi hawezi kumwandikia. Malalamiko hayo ni ya mfungwa mwenyewe kwa mkono wake, au kwa mkono wa mwenzake ikiwa hajui kuandika.

Karatasi hizi hazikushuka tu kutoka juu. Mwaka 1972 mfungwa mmoja, David Ruiz, aliandika kwa mkono mashtaka yake juu ya hali ya magereza ya Texas, yakafika kwa jaji wa shirikisho William Wayne Justice. Wakati ule walinzi walikuwa wachache, na pengo likizibwa kwa wafungwa wababe waliopewa mamlaka ya kuwatawala wenzao, hata kwa marungu. Kesi iliposikilizwa ilichukua siku 159 na mashahidi 349. Mwaka 1980 jaji akaamua kwamba hali ya magereza hayo ilikuwa kinyume cha Katiba, na mfumo mzima ukawekwa chini ya usimamizi wa mahakama kwa miaka, hadi kesi ilipofungwa mwaka 2002. Ruiz mwenyewe alifariki mwaka 2005, bado mfungwa. Sehemu kubwa ya taratibu ninazozieleza, za malalamiko, za kupanga wafungwa kwa madaraja, za kuandika kila tukio la nguvu, zilipata umbo lake katika miaka ile ya mvutano.

Na sisi Waislamu tuna fungu letu katika historia hiyo. Mwaka 1964, katika kesi ya mfungwa Mwislamu wa Illinois aliyenyimwa vitabu vya dini yake, Mahakama Kuu iliamua kwamba anayo haki ya kusikilizwa katika mahakama ya shirikisho. Hapa Texas wafungwa Waislamu walifungua kesi mwaka 1969, na mwaka 1977 yakafikiwa makubaliano mbele ya mahakama kuwa wapewe nafasi ya ibada kama wenye dini nyingine. Makubaliano hayo yalidumu zaidi ya miaka 40, mpaka mahakama ya rufaa ilipoyamaliza mwaka 2019. Kati yake, mwaka 2015, mfungwa Mwislamu wa Arkansas aliyeomba kuachiwa ndevu za nusu inchi alishinda katika Mahakama Kuu kwa majaji wote tisa. Naye pia alianza kwa karatasi aliyoiandika kwa mkono. Mwaka uliofuata, 2016, mahakama ya rufaa ilimpa ushindi mfungwa wa hapa Texas aliyetaka ndevu za inchi nne na ruhusa ya kuvaa kofia yake nje ya chumba cha ibada. Nawataja hawa kwa sababu vijana wetu wanaoswali humo ndani wanafaidi wino wa watu wasiowajua.

Sasa nije kwenye uchunguzi, jambo ambalo wazazi hulijua kidogo kuliko yote.

Kuvunja kanuni ni kitu kimoja na kuvunja sheria ni kingine. Mfungwa akikataa kazi, au askari akitumia lugha chafu, hilo ni la utawala, na humalizwa ndani ya gereza. Lakini ikitokea shambulio, rushwa, dawa za kulevya, kutoroka, unyang'anyi, au kifo cha kutatanisha, jambo hilo huingia katika mikono ya Ofisi ya Inspekta Jenerali. Wachunguzi wake ni polisi kamili wenye uwezo wa kukamata, na la kutiwa maanani ni hili: ofisi hiyo haiwajibiki kwa mkurugenzi wa magereza bali kwa ile bodi ya watu 9. Anayemchunguza askari si mtu anayekula chungu kimoja na bwana jela wake. Uhuru huo una mipaka, kwani nyumba ni ile ile ingawa ngazi ni nyingine. Hata hivyo ni afadhali kubwa kuliko zamani.

Wachunguzi wakipata ushahidi, hawaendi mahakamani wao. Faili hupelekwa kwa waendesha mashtaka maalumu wenye makao Huntsville, kitengo kilichoanzishwa mwaka 1984. Mwaka huo na uliofuata wafungwa zaidi ya 50 waliuawa na wafungwa wenzao katika magereza ya Texas, na kaunti ndogo za mashambani, ambako magereza mengi yamejengwa, hazikuwa na fedha wala watu wa kuziendesha kesi hizo zote. Ikiwa ni kifo, ipo hatua nyingine: sheria inaamuru taarifa ya kila kifo cha mtu aliye mikononi mwa dola ifikishwe kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo ndani ya siku 30, na taarifa hiyo jamaa wanaweza kuiomba.

Nitatoa mfano, kwa idhini ya mwenyewe, nami nimebadilisha vitu vidogo asijulikane.

Mama mmoja alinijia na mfuko wa plastiki umejaa karatasi. Mwanawe ana kifungo cha miaka minane. Kwa miezi mitatu alikuwa akimpigia simu na kumwomba dola hamsini, kisha mia, kisha mia mbili, zipelekwe kwa njia ya simu kwa mwanamke asiyemjua. Mara ya nne kijana alilia. Alisema, kwa Kiswahili ili wasikilizaji wasielewe, kwamba kuna wafungwa wanaomtoza, na asipolipa hatalala salama. Mama akauza dhahabu zake. Baadaye ndipo akaanza kuandika: kwa gavana, kwa seneta, kwa hakimu wa kesi. Kwa gavana alipata jibu la adabu kuwa barua yake imepelekwa panapohusika.

"Mwalimu," aliniambia, "nikisema watamwua. Nikinyamaza nitamalizika mimi, kisha watamwua vilevile."

Nilimwambia, "Bibie, hebu tuweke karatasi mezani kwanza." Tukazipanga. Stakabadhi za fedha zilikuwa kumi na moja, kila moja na tarehe, kiasi, na nambari ya simu ya mpokeaji. Mama hakujua kuwa mfukoni mwake alikuwa na kitu ambacho mchunguzi hukitafuta kwa miezi. Kuhusu Kiswahili nilimweleza kwamba simu za magerezani, isipokuwa zile za wakili, hurekodiwa, na rekodi hubaki. Lugha yetu si pango la kujificha, na safari hii ilikuwa heri isiwe. (Vijana hawajui kwamba Texas ilikuwa jimbo la mwisho nchini kuwapa wafungwa simu za kawaida. Hadi mwaka 2009 mwenye tabia njema alipata simu moja ya dakika chache kwa siku 90.)

Tuliandika barua ya ukurasa mmoja. Hatukuandika kwamba kijana ni mwema, wala kwamba baba yake alikufa mapema, ingawa yote ni kweli na mama alitaka sana yawemo. Tuliandika jina, nambari ya mfungwa, gereza, tarehe za simu, viwango vya fedha, nambari za wapokeaji, na sentensi moja: kwamba familia inaamini maisha ya mfungwa huyu yamo hatarini. Sentensi hiyo ina uzito wake. Idara inapopewa habari kuwa maisha ya mfungwa yamo hatarini, haitoshi kuitia kwenye jalada. Hufunguliwa uchunguzi wa ulinzi wa mfungwa, na kamati ya upangaji ya gereza lazima ikae, imsikilize, na iamue abaki, ahamishwe ndani, au iombe makao makuu yamhamishe gereza. Nakala moja ilikwenda kwa inspekta jenerali pamoja na stakabadhi, kwa sababu ya unyang'anyi. Nyingine kwa bwana jela, kwa sababu ya usalama wa usiku ule. Ya tatu kwa ombudsmani.

Huyu ombudsmani nimemchelewesha, naye ndiye mlango uliowekwa kwa ajili ya jamaa. Mfungwa ana fomu zake. Mama, mke, ndugu na rafiki wana ofisi hii, ambayo hupokea maswali na malalamiko ya walio nje, huuliza ndani, na kumjibu aliyeandika. Haina uwezo wa kuamuru, ila swali lake halipuuzwi kirahisi kama letu. Katika mambo ya afya haitakwambia lolote mpaka mfungwa mwenyewe atie saini idhini ya kutolewa habari zake za matibabu. Idhini hiyo ni heri ipatikane mapema, wakati mtu mzima, kuliko kuitafuta siku yuko hospitali hajitambui.

Ndani ya wiki ile kijana aliitwa. Alihojiwa, akatengwa na wenzake wakati uchunguzi ukiendelea, na kutengwa huko, ijapokuwa ni kwa usalama, si raha: chumba peke yake, simu hakuna, mama hajui kitu. Hizo ndizo siku ambazo alinilaumu, na sikuwa na la kumjibu. Mtume Yusuf, amani iwe juu yake, alimwagiza mwenzake amtaje kwa bwana wake, na mwenzake akasahau, akakaa gerezani miaka. Nilimkumbusha kisa hicho, akanijibu kwamba yeye si mama wa Mtume. Kisha likaja jibu la mistari miwili: habari zake zimepokewa na kushughulikiwa, na yaliyomo katika uchunguzi hayawezi kutolewa. Hatukujua, na hadi leo hatujui, waliomtoza walifanywa nini.

Tulichokijua tulikijua kwa kuangalia orodha ya wafungwa, maana uhamisho hautangazwi kabla, kwa sababu za usalama. Kijana alikuwa amehamishiwa magharibi ya jimbo. Zamani mama akiendesha saa mbili. Sasa saa tisa, na huondoka usiku ili afike mapema siku ya kuonana, apate saa zake mbili, arudi. Anasema mwanawe amenenepa kidogo, anafanya kazi jikoni, na hajaomba fedha ila za kununulia sabuni na stempu. Gari lake linakaribia maili laki mbili. Alipouliza kama naweza kuandika barua nyingine ili arudishwe karibu, nilimwambia kuwa ombi hilo lipo na lina taratibu zake, ila kamati itataka kujua kwanza kama waliomtishia bado wako upande huu. Alinyamaza kitambo, akasema basi akae huko huko.

Wanaoanza kuandika wajue haya. Barua za kawaida kwa mfungwa, tangu mwaka 2023, hupelekwa kwenye kituo cha kupigwa picha, naye huzisoma kwenye kioo. Kwa hiyo msitie picha ya asili wala karatasi msiyotaka ipotee. Barua kwa ofisi ni jambo jingine: hizo ziandikwe kwa Kiingereza, ukurasa mmoja, nambari ya mfungwa juu kabisa, na mbaki na nakala. Anayeandika kwa hasira aandike, ailaze barua usiku mmoja, kisha afute nusu. Na anayetishwa kwa simu akiwa nyumbani kwake Houston apeleke taarifa kwa polisi wa hapa pia, kwa kuwa sehemu ya kosa imetendeka hapa.

Nimetoa nakala za fomu ya idhini ya matibabu pamoja na anwani za ofisi nilizozitaja, ziko kwangu katika bahasha juu ya kabati. Mwenye haja anipigie baada ya Isha, isipokuwa usiku wa Jumamosi, ambapo mama yule huondoka nami humsubiri anipigie kunambia amekwisha kupita San Antonio.

Wabillahi tawfiq.